Kabla ya kulipia tiketi ya Uchina, uliza Mwaka Mpya wao ni lini

Kwa Mhariri,

Wiki jana gazeti lako lilichapisha barua fupi ya kijana wa Kakamega anayeuza vifaa vya simu. Aliuliza kama Februari 2027 ni mwezi mzuri wa kwenda Guangzhou, kusini mwa Uchina, anunue mali na papo hapo auone mji. Nimeikata barua hiyo nikaibandika ndani ya kibanda changu hapa soko la Kibuye, Kisumu, kwa sababu swali lake ndilo ambalo mimi na wenzangu watatu hatukuuliza Desemba 2024. Kutouliza huko kulitugharimu mauzo ya Idd nzima. Namjibu kijana huyo, na yeyote mwingine wa pande zetu hizi anayedunduliza pesa za safari kama hiyo.

Mimi ni mshonaji na muuzaji wa mapazia, mzaliwa wa Kaloleni, Kisumu. Kwa miaka mingi majora yangu nimeyatoa Eastleigh, Nairobi. Napanda basi la usiku Jumatatu, Jumanne nachagua, Jumatano niko hapa nakata. Si mahali pabaya, lakini kila jora linapita mikononi mwa watu wawili watatu kabla ya kunifikia, na kila mmoja anaongeza chake. Ndipo tukaanzisha chama cha watu wanne: mama wa mikoba na viatu kutoka Kondele, muuza mashuka wa Ahero, binamu yangu wa vyombo vya plastiki, na mimi. Kila Jumapili jioni soko likishapungua watu, tulikaa kwenye benchi la cherehani yangu tukahesabu tulichopata. Ilituchukua miaka miwili na miezi minne kufikisha pesa za watu wanne kwenda na kurudi, pamoja na mtaji wa mali.

Hesabu yetu ilikuwa hivi. Idd-ul-Fitr ya 2025 ilikuwa inakuja mwishoni mwa Machi. Kwa muuza mapazia, wiki tatu za mwisho za Ramadhani ndizo mavuno, maana hakuna nyumba Kaloleni au Manyatta inayotaka kupokea wageni wa Idd na pazia la mwaka jana. Mali ikinunuliwa mwisho wa Januari, ikaingia kwenye kontena la pamoja, ingeshuka Mombasa kabla ya siku hizo. Kwenye karatasi kila kitu kilikaa sawa. Tulimwendea wakala wa usafiri jijini Nairobi, ambaye sitamtaja, tukamwambia twataka kununua vitambaa. Akatupangia tufike Guangzhou Jumamosi tarehe 25 Januari, tukae siku kumi, na hoteli karibu na Xiaobei, mtaa ambao Waafrika wengi hufikia. Tulilipa wiki ya kwanza ya Desemba.

Nauli ilikuwa juu kuliko tulivyosikia kwa waliotutangulia, na hilo lilipaswa kutushtua. Ndege nayo ilijaa vijana wa Kichina wanaofanya kazi huku kwetu, mikononi wamebeba maboksi ya kahawa na majani chai ya Kenya, wanacheka, wanapigana picha. Binamu yangu aliniambia, "Dada, hawa wana furaha kama watu wa harusi." Tukaona ni jambo jema tu, tukalala.

Siku ya pili, Jumapili, tulipanda treni ya chini ya ardhi mpaka stesheni ya Lujiang, kwenda soko la vitambaa la Zhongda. Nilikuwa nimeliota soko hilo. Waliowahi kufika walinieleza kwamba mtu anaweza kutembea kutwa nzima bila kurudia duka, kwamba vijana wa pikipiki za umeme wanapita na majora wakipiga honi, kwamba ukisimama katikati ya njia utagongwa. Tulitoka ardhini tukakuta barabara tupu. Milango ya mabati imeshushwa mstari mzima, na kila mlango una karatasi nyekundu zenye maandishi ya dhahabu pande mbili na juu. Upepo ulikuwa wa baridi. Tulitembea zaidi ya saa nzima tukitafuta hata duka moja lililobaki wazi. Mlango mmoja ulikuwa na tangazo lenye tarehe mbili tulizoweza kuzisoma, maana tarakimu ni zile zile kote: 18 Januari, na 13 Februari. Mama wa Kondele alihesabu kwa vidole siku tulizobakisha, akahesabu tena. Kisha akaketi kwenye ngazi za duka la watu.

Mlinzi mmoja mzee alitujia. Aliandika kwenye simu yake, simu ikatutafsiria kwamba watu wote wameenda nyumbani, nasi pia twende nyumbani. Hakutufukuza, uso wake ulikuwa na huruma. Baadaye ndipo nilipoelewa jinsi maneno yale yalivyokuwa ya kweli. Nyuma ya soko lile kuna vijiji viwili vilivyomezwa na jiji, Kangle na Lujiang, vyenye karakana ndogo ndogo za ushonaji juu hadi chini, na wengi wa wanaoshona humo wametoka mkoa wa Hubei, mbali kaskazini. Mwaka mzima wako kwenye cherehani. Sikukuu hii ndiyo nafasi yao ya kumwona mtoto aliyeachwa na bibi. Mimi pia ni mshonaji. Nilipoelezwa hivyo sikuweza kuwakasirikia.

Sasa nimweleze kijana wa Kakamega jambo hili kwa mfano anaoujua. Chukua mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege wa Nairobi tarehe 24 Desemba, anauliza njia ya Gikomba akanunue mitumba ya jumla. Tungemwonea huruma, na tungemkasirikia aliyemuuzia tiketi. Nani hapa asiyejua kwamba siku hiyo Nairobi yote imemwagika kwenye barabara ya Nakuru, kwamba nauli ya Kisumu imepanda maradufu, kwamba yule mwenye kibanda Gikomba yuko Siaya, Vihiga au Mumias anachinja kuku kwa mama yake? Guangzhou kwenye Mwaka Mpya wa Kichina ni Nairobi ya Krismasi. Ni mji wa watu waliokuja kutafuta, na watu hao wakishaondoka, maduka, karakana na hata mikahawa inaondoka nao. Wachina wana jina la msafara huo, chunyun. Unahesabiwa siku 40, kuanzia siku 15 kabla ya sikukuu. Mwaka ule wetu ulianza tarehe 14 Januari ukaisha 22 Februari, na mamlaka zao zilikadiria safari bilioni 9, nyingi kwa magari ya watu binafsi. Sisi tuliingia katikati kabisa ya siku hizo na hatukujua hata jina lake.

Tulifikiria kujinusuru. Binamu yangu alikuwa amesikia habari za Yiwu, mji wa mkoa wa Zhejiang wenye soko kubwa la bidhaa ndogo ndogo, akashikilia twende huko kwa treni ya mwendo kasi. Msichana wa mapokezi hotelini alitutafutia nafasi kwenye simu yake kwa uvumilivu mkubwa, treni moja baada ya nyingine, zote zimejaa. Alitueleza kwamba tiketi hufunguliwa siku 15 kabla ya safari, na kwa siku za kuelekea sikukuu zinakwisha mara moja. Kisha akasema jambo ambalo lingetuumiza zaidi kama tungezipata: soko la Yiwu nalo limefungwa. Tungelipa nauli kwenda kutazama mabati mengine. Namshukuru kwa kutwambia ukweli wakati angeweza kutuacha tuende.

Kuhusu tarehe yenyewe, nataka nieleze vizuri, maana hapa ndipo watu wengi wanapojikwaa. Wanadhani Mwaka Mpya wa Kichina una tarehe moja kama Krismasi. Hauna. Sisi Waislamu wa Kisumu tuna urahisi wa kulielewa, kwa sababu miezi yao inafuata mwezi wa angani kama yetu. Tofauti ni kwamba Ramadhani yetu inarudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka mpaka inazunguka majira yote, wao wakiona mwaka umeanza kurudi nyuma wanaongeza mwezi mzima ili sikukuu isitoke mahali pake. Ndiyo maana daima huangukia kati ya 21 Januari na 20 Februari. Mwaka 2024 ilikuwa 10 Februari. Mwaka 2025, wa kwetu, ilikuwa 29 Januari. Mwaka huo ukawa na mwezi wa sita mara mbili, na sikukuu iliyofuata ikasogea mbele hadi 17 Februari 2026. Mwaka ujao itakuwa tarehe 6 Februari 2027. Na hawangoji mtu apande juu ya nyumba kuutazama mwezi. Imepigiwa hesabu miaka mingi mbele, mtu yeyote mwenye simu anaweza kuipata.

Likizo yenyewe hutangazwa na serikali yao miezi ya mwisho ya mwaka unaotangulia, kati ya Oktoba na Desemba. Ya 2025 ilitangazwa 12 Novemba 2024: mapumziko kuanzia 28 Januari hadi 4 Februari, na Jumapili ya tarehe 26 Januari ikafanywa siku ya kazi kufidia. Mhariri, tuliketi mbele ya wakala yule wiki ya kwanza ya Desemba. Tangazo lilikuwa limetoka karibu mwezi mzima. Nilipomrudia mwezi wa Februari, jibu lake lilikuwa kwamba hatukumuuliza, na kwamba sisi tulinunua tiketi na hoteli, naye alitupa tiketi na hoteli. Nimelitafakari jibu hilo sana. Mteja akija kwangu na kipimo cha dirisha la futi tano, akaniambia nimkatie pazia la futi tatu, siwezi kuchukua pesa yake nikanyamaza eti hakuniuliza. Yule bwana alijua tunakwenda kununua vitambaa. Aliandika kwenye fomu zetu kwa mkono wake.

Pesa ya mali tulirudi nayo, na kwa hilo tunamshukuru Mungu, lakini nauli na hoteli za watu wanne ziliteketea. Majora ya Idd ya 2025 nilikwenda kuyachukua Eastleigh kama kawaida, kwa kuchelewa, wenzangu wakiwa wamekwisha kuchagua rangi nzuri. Muuza mashuka wa Ahero alijitoa kwenye chama. Simlaumu. Pesa yake ilikuwa na karo ndani yake.

Nisingekuwa mkweli nikikuambia siku zile kumi zilikuwa giza tupu. Tulipokwisha kulia na kunyamaza, mama wa Kondele alisema kwamba tumeshalipa kulala hapa, basi tutoke tuone. Na huu ndio upande wa pili wa jibu langu kwa kijana wa Kakamega, maana yeye anataka pia kuuona mji.

Siku za mwisho kabla ya mwaka kuingia, Guangzhou ina masoko ya maua. Barabara zinafungwa, zinajengwa mabanda ya mianzi, na watu wa mji, wale ambao kwao ni hapo hapo, wanatoka na wazazi wao na watoto mabegani kununua maua ya kuingiza nyumbani. Kuna matawi ya mpichi yenye maua ya waridi marefu kuliko mtu. Kuna miti midogo ya machenza madogo mno, imepandwa kwenye vyungu, imejaa matunda ya dhahabu kutoka shina mpaka kileleni. Mama mmoja aliyejua Kiingereza alitueleza kwamba kwa lugha yao jina la tunda hilo linasikika kama neno la baraka, ndiyo maana hakuna duka wala benki isiyouweka mti huo mlangoni. Usiku wa kuamkia mwaka mpya bei zinashuka, kwa kuwa ua lisilouzwa usiku huo halina kazi kesho. Tulisimama pale hadi karibu usiku wa manane. Nilinunua tawi moja la mpichi nikaliweka kwenye chupa ya maji hotelini, likachanua siku zote tulizobakisha.

Asubuhi ya mwaka mpya wasichana wa mapokezi walitusalimu kwa kukunja ngumi moja ndani ya kiganja, "Gong hei fat choy." Tukajibu hivyo hivyo tukapita. Yule mama wa sokoni, tuliyekuwa tumepeana namba naye, ndiye aliyetufundisha kwamba kwa desturi ya mkoa wa Guangdong aliyeoa au kuolewa humpa asiye na mwenza, na mkubwa wa kazi humpa mdogo, bahasha nyekundu yenye pesa kidogo. Sio lazima nyingi. Yuan 5 au 10 zatosha, ambazo wakati huo zilikuwa kama shilingi 90 au 180 za kwetu, ila noti iwe safi na namba nne iepukwe, kwa sababu inasikika kama kifo. Sisi sote wanne tumeolewa, wakubwa kwa umri, na tulikuwa tumewapita mikono mitupu wasichana waliokesha wakitutafutia treni. Tulinunua bahasha jioni ile ile. Yule aliyetuambia ukweli wa Yiwu alipopokea yake kwa mikono miwili, nilikumbuka watoto wa Kaloleni wanavyopita mlango kwa mlango kupokea mkono wa Idd. Kwa dakika ile sikujihisi mgeni.

Chakula kilitusumbua. Mikahawa midogo mingi ilikuwa imefungwa kwa sababu wapishi nao wana makwao. Mimi na binamu yangu hatuli nguruwe, tukawa tunashindia ndizi na biskuti mpaka tulipogundua vile vijimkahawa vya tambi za kuvuta kwa mkono vya Waislamu wa Qinghai, vyenye maandishi ya Kiarabu mlangoni. Tulichokipata karibu na hoteli kilikuwa wazi siku zote. Ijumaa tarehe 31 tulikwenda kuuona msikiti wa Huaisheng, mmoja wa misikiti ya kale kabisa Uchina, wenye mnara wa mviringo wa mita 36 hivi ambao zamani ulikuwa pia alama ya vyombo vya majini. Mabaharia wa Kiarabu na Kiajemi walifika kule kwa kufuata pepo za msimu kabla baba wa babu zetu hawajazaliwa. Walijua pepo zinavuma lini na zinageuka lini, na hawakutia nanga kabla ya wakati. Nilikaa uani pale nikawaza sana juu ya hilo.

Kwa hiyo, kijana wangu, kwanza amua unakwenda kwa lipi. Kama ni mali, usiguse wiki mbili kabla ya 6 Februari 2027, wala usifikiri mambo yatafunguka tarehe 8. Wengi wanangoja Sikukuu ya Taa, siku ya kumi na tano ya mwaka, ambayo itakuwa 20 Februari. Hata hapo mafundi huwa hawajarudi wote, na viwanda vinashughulika kwanza na oda zilizolala. Mimi nikienda tena nitaenda katikati ya Machi. Soko la vifaa vya simu unalolitaka pengine ni Huaqiangbei la Shenzhen, si mbali na Guangzhou, na mji ule nao unahama vivyo hivyo. Ukitaka kuonana na viwanda vyenyewe, Maonyesho ya biashara ya Canton yamefanyika Guangzhou tangu 1957, na siku hizi hufunguliwa 15 Aprili na 15 Oktoba. Ila ukichagua ya Oktoba usifike mapema ukidhani utapumzika, kwa maana 1 Oktoba ni sikukuu ya taifa lao na wiki nzima hiyo ofisi zimefungwa, huku kila treni na kila mahali pa kutembelea pamefurika.

Na kama ni kutembea tu, nenda kwenye sikukuu yenyewe wala usiogope, lakini panga kama mtu anayekwenda harusi ya mbali. Fika siku nne tano kabla ya mkesha, kabla barabara hazijashikana, ukae mji mmoja. Usihangaike na miji mitatu. Ikiwa lazima usafiri, safiri siku ile ile ya mwaka mpya, watu wamekwisha kufika makwao na viti vinapatikana. Viza ishughulikie mapema, kwa kuwa ofisi zao za huku nazo hupumzika. Usitegemee benki: tawi la karibu na hoteli yetu lilikuwa limefungwa, na dola zetu tulizibadilisha kwa bei mbaya. Tangu 2023 kadi ya Visa au Mastercard ya mgeni inaweza kuunganishwa na Alipay au WeChat, na kule hata muuza viazi vya kuchoma analipwa kwa simu kama sisi na M-Pesa, kwa hiyo unganisha ukiwa bado Kakamega. Mwambie mama yako pia kwamba WhatsApp haifunguki kwa intaneti ya hoteli. Wanangu walikaa siku mbili bila kunisikia, na mdogo aliugua kwa wasiwasi.

Mpwa wangu aliyesoma Beijing ananiambia nikuongezee hili. Kule ni baridi ya kugandisha maji, jaketi la Kisumu halifai kitu. Kasri la Kifalme, lililokamilika 1420, haliuzi tiketi mlangoni. Nafasi za kila siku zina kikomo, zinafunguliwa siku saba kabla kwa jina na namba ya pasipoti, na wakati wa sikukuu zinaisha upesi. Yeye alizikosa mara mbili. Mara ya tatu alikwenda kwenye tamasha la hekaluni katika bustani ya Ditan, akala matunda yaliyochovywa sukari kwenye kijiti, akarudi amefurahi kuliko walioingia Kasri.

Mhariri, nina maombi mawili. Gazeti lako hutuandikia kila mwaka siku za kufungua shule na siku za mitihani. Ikitoka ratiba ya likizo za Uchina mwishoni mwa mwaka, ichapishe. Mistari minne inatosha: tarehe ya kufunga, tarehe ya kufungua, Sikukuu ya Taa, na wiki ya Oktoba. Siku hizi hakuna soko la magharibi mwa Kenya, kutoka Kibuye hadi Bungoma na Busia, lisilo na mtu anayeagiza mali kule, na wengi wetu tunasoma Kiswahili kuliko tovuti za mawakala. Ombi la pili ni kwa ofisi za biashara za kaunti zetu. Wanatufundisha kuandika mpango wa biashara na kujaza fomu za mikopo. Watuongezee kalenda ya mahali tunakonunua.

Chama chetu kimeanza upya, sasa tuko watano, na tunaketi pale pale kwenye benchi la cherehani kila Jumapili saa kumi na moja jioni. Kalenda ya 2027 ninayo ukutani, nimezungushia wino mwekundu 6 na 20 Februari. Mtu yeyote aliyepewa bei ya safari na aje na karatasi yake kabla hajalipa, tuitazame pamoja. Kijana wa Kakamega, matatu zinakushusha Kondele. Kutoka hapo uliza Kibuye, upande wa mapazia.

Mshona mapazia,
Kaloleni, Kisumu